Usianze na cc, anza na kifua chako

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu na wadogo zangu habari zenu. Asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni zaidi kwa kuja wengi hivi, maana hii mada ya kuongeza matiti watu wanaisoma usiku kwenye simu wamejifunika shuka, mchana ukiuliza hamna anayeijua. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kliniki ya upasuaji wa plastiki na chumba cha upasuaji, sio mimi ninayeshika kisu lakini mimi ndiye ninayekaa na mtu kabla na baada, na yale maswali ambayo ameona aibu kumuuliza daktari huwa ananishika mkono koridoni ananiuliza mimi. Kwa hiyo leo nitaongea vile vile ninavyoongea koridoni.

Niseme mapema, sikuja kumshawishi mtu aongeze matiti na wala sikuja kumsema aliyeongeza. Nimekuja kwa ajili ya yule ambaye ameshaamua au yuko karibu kuamua, na akiulizwa anataka nini anajibu "nataka yaonekane ya asili". Karibu kila anayeingia anasema hivyo, afu sentensi inayofuata ni "niwekeeni cc 400 kama za fulani".

Sasa hapo ndo pa kuanzia. Cc ni ujazo tu, yaani ni mililita, haikwambii chochote kuhusu umbo. Chukua glasi moja ya maji umwage kwenye sahani, afu chukua glasi nyingine kama hiyo umwage kwenye kikombe chembamba, maji ni yale yale lakini moja limetandaa na lingine limesimama. Vipandikizi, yaani vile vifuko vinavyowekwa ndani ya titi, viko hivyo hivyo, viwili vyote vya cc 300, kimoja kina upana wa kama sentimita 13 na kimelala, kingine kina kama sentimita 11 na kimechomoza mbele, na ukiviweka kwenye kifua cha mtu mmoja utapata matiti mawili tofauti kabisa. Afu ziweke hizo hizo cc 300 kwa dada mrefu mwenye mabega mapana, hazionekani, watu watamuuliza kama kanenepa kidogo, ziweke kwa mwembamba mfupi na barabara nzima itajua. Kwa hiyo anayekwambia "mi niliwekewa cc kadhaa na nimependeza" amekupa namba ya mwili wake, haikuhusu wewe.

Kinachoanza ni kipimo cha kifua chako. Daktari anayejua kazi atachukua rula na kile kifaa cha kubana pande mbili, atapima upana wa titi pale linapoota kutoka karibu na mfupa wa kati hadi upande wa kwapa, atapima kutoka shingoni pale kwenye kishimo hadi kwenye chuchu, kutoka kwenye chuchu hadi mkunjo wa chini, atavuta ngozi aone inakuja mbele kiasi gani, na atabana nyama ya juu ya titi kwa vidole aone ina unene gani. Hivyo vipimo ndivyo vinavyoamua, na ule upana ndio mkuu wao. Kipandikizi kinatakiwa kikae ndani ya upana wa titi lako, kiwe chembamba kidogo kuliko titi lenyewe, ili ile nyama yako ibaki pembeni ifunike ukingo. Kikizidi upana ndo unaona ule ukingo umechoreka kama sahani chini ya ngozi, au kinaenda kwapani ukiweka mkono chini unakigusa, au vyote viwili vinasogeleana katikati hadi mfereji unapotea.

Na kuhusu huo mfereji wa katikati, maana najua kuna anayesubiri nifike hapo. Nafasi iliyopo kati ya matiti yako inategemea mfupa wa kifua na pale misuli na titi vinapojishikiza, wengine wamezaliwa na nafasi finyu na wengine pana, na daktari akilazimisha kuibana kwa kukata mishikizo ya katikati anakutengenezea tatizo ambalo kulirekebisha ni kazi ngumu kuliko upasuaji wa kwanza. Mfereji mwingi mnaouona kwenye picha ni kazi ya sidiria. Kweli kabisa. Kwa hiyo mkija na picha, na mje nazo kwa sababu zinasaidia sana kuliko maneno, leteni picha za watu wenye mwili kama wako na bila sidiria ya kubana, na leteni na zile ambazo hamzipendi, hizo za "sitaki kabisa niwe hivi" mi naona ndizo zinazomfungua daktari macho zaidi.

Haya, sasa nini hasa kinafanya titi lionekane la asili? Kuna daktari wa London anaitwa Patrick Mallucci, yeye na mwenzake walipima matiti ambayo watu wanayaona mazuri, mwaka 2012 wakaandika kwamba sehemu kubwa ya ujazo iko chini ya chuchu sio juu, uwiano wa kama 45 juu na 55 chini, mteremko wa juu umenyooka au una kabonde kadogo, na chuchu inaangalia juu kidogo kama nyuzi 20. Baadaye wakaonyesha picha kwa watu wengi, wanaume kwa wanawake na madaktari pia, na wengi wakachagua huo huo uwiano. Sasa angalia matiti ambayo ukiyaona tu unajua ni ya kuwekewa, utakuta juu kumejaa mviringo kama nusu ya mpira, hamna mteremko. Siri nyingi iko hapo, kwenye ile sehemu ya juu. Sio kwenye ukubwa, kuna matiti makubwa yenye mteremko mzuri na kuna madogo yaliyojaa juu yanakaa kama yamegundishwa.

Kwa hiyo ukisikia habari za profaili, yaani kipandikizi kinachomoza kiasi gani, ujue kwamba profaili ya juu ndo mara nyingi inajaza pale juu, hasa kwa mtu mwenye ngozi iliyobana na nyama kidogo. Profaili ya wastani inafaa wengi wanaotaka kitu cha kawaida. Lakini usije na amri ya profaili kutoka nyumbani, maana mwenye kifua chembamba sana upana wake hauruhusu kipandikizi kipana, akitaka ujazo wa kueleweka labda ndo atahitaji kinachochomoza kidogo, na kwake kitakaa sawa tu. Haya mambo yanaendana, ukishika moja lingine linasogea.

Umbo sasa. Kuna la duara na kuna la tone, yaani limejaa chini na kupungua juu. Kila mtu akisikia "asili" anakimbilia tone, na mi siwalaumu, ukiviona mezani hata mimi ningechagua tone. Ila kipandikizi cha duara chenye jeli laini ukisimama nacho uzito unaenda chini, kinakaa kama tone chenyewe, na ukilala kinatandaa kidogo kama titi la kawaida linavyofanya. Cha tone kina jeli ngumu zaidi ili kishike umbo, kwa hiyo ukilala kinabaki vile vile, na kikizunguka ndani, maana vinaweza kuzunguka, titi linaharibika umbo na unarudi chumba cha upasuaji, cha duara kikizunguka hata hutajua. Wataalamu wenyewe wameshajaribiwa kwa picha za kabla na baada waseme lipi ni duara na lipi ni tone, na wameshindwa kutofautisha kwa uhakika. Tone lina watu wake, hasa wembamba mno ambao hawana nyama juu kabisa na wale wanaotengenezewa titi upya baada ya saratani, lakini kwa kuongeza tu mi nadhani duara linatosha kwa walio wengi.

Na kuna sababu nyingine ya kufikiria mara mbili. Vya tone vingi vimetengenezwa na ganda lenye mikwaruzo ili vishike visizunguke, na hayo maganda ya mikwaruzo yamehusishwa na saratani moja adimu ya mfumo wa kinga inayoitwa BIA-ALCL. Sio saratani ya titi lenyewe, ni limfoma inayoota kwenye kovu linalozunguka kipandikizi, na dalili yake ya kawaida ni titi moja kuvimba maji ghafla miaka kadhaa baada ya upasuaji. Ni adimu, nasisitiza, na ikiwahiwa inatibika kwa kutoa kipandikizi na kovu lake lote. Lakini Aprili 2019 Ufaransa ilipiga marufuku maganda yenye mikwaruzo mikubwa, na Julai mwaka huo FDA, ile mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, iliiomba kampuni ya Allergan irudishe vipandikizi vyake vya Biocell, navyo ni vya ganda lenye mikwaruzo, nayo ikavirudisha dunia nzima. Kama unavyo tayari na huna dalili yoyote FDA yenyewe haisemi ukimbie kuvitoa, inasema ujue ulichonacho na uwe macho. Ila kwa anayechagua leo, swali la "ganda lake ni laini au lina mikwaruzo" liwe la mwanzoni kabisa.

Ndani yake kuna jeli ya silikoni au kuna maji ya chumvi. Hapa nitapita haraka. Kwa muonekano na mguso wa asili silikoni inashinda, hasa kwa mwembamba, maana ya maji inaonyesha mikunjo chini ya ngozi. Sifa ya maji ni kwamba kikipasuka titi linanywea utaona mwenyewe, na mwili unafyonza yale maji bila shida, wakati silikoni inaweza kupasuka kimya kimya ukaendelea na maisha. Marekani kwa kuongeza matiti silikoni inaruhusiwa kuanzia miaka 22, maji kuanzia 18. Na jeli zenyewe zinatofautiana, laini ina mguso mzuri ila inakunja zaidi, iliyokaza inashika umbo ila ukishika unahisi kitu. Omba kuvishika vyote mkononi, kliniki yoyote makini ina sampuli.

Kuna mahali pa kuviweka, na hapa watu hawaulizi kabisa wakati kwa muonekano wa asili mi naona pana uzito kuliko umbo. Kinaweza kuwekwa juu ya msuli wa kifua, nyuma ya tezi za maziwa, au chini ya msuli, au ile njia ya kati ambayo nusu ya juu inafunikwa na msuli na nusu ya chini inakaa nyuma ya tezi. Kumbuka pale daktari alipokubana nyama ya juu kwa vidole. Ikiwa chini ya sentimita 2 wengi wao watasema tufunike na msuli, kwa sababu bila hivyo ukingo wa juu utaonekana, na ule mteremko niliousema unapotea. Mwenye nyama ya kutosha anaweza kuwekewa juu ya msuli na akapona kwa maumivu madogo zaidi. Chini ya msuli kuna bei yake pia, ukikaza kifua, unasukuma mlango au unapiga pushapu, matiti yanaweza kusogea au kujikunja, kwa mtu wa mazoezi mazito hili ni jambo la kulizungumza kabisa kabla, asije akalishangaa mbele ya kioo cha jimu.

Kuna dada zangu ambao nisipowaambia hili nitakuwa sijawatendea haki. Kama chuchu imeshuka chini ya ule mkunjo, kipandikizi peke yake hakiinui. Kinajaza tu, na titi zito lililoshuka linazidi kushuka, au kipandikizi kinabaki juu na titi lako linaning'inia chini yake, vimekuwa vilima viwili. Hapo unahitaji kuinuliwa, kwa kovu la ziada, pengine na kipandikizi kidogo, pengine hata bila kipandikizi. Najua wengi wanakataa kovu, na kuna madaktari wanaokubali kuweka kikubwa zaidi ili kuziba huo ulegevu badala ya kuinua, na mi huo uamuzi sijawahi kuupenda, maana uzito ule ule unaoziba leo ndo utakaovuta kesho. Hesabu mwenyewe, cc moja ya silikoni ina uzito wa karibu gramu moja, cc 400 kila upande ni karibu gramu 800 zinaning'inia kwenye ngozi yako masaa yote umesimama.

Mtandaoni kuna msemo kwamba kila mtu anajuta hakuchukua kubwa zaidi. Ni kweli kuna wanaojuta hivyo, mwaka wa kwanza hasa, wakishazoea yale mapya wanaona mbona kadogo. Lakini wale wanaorudi baada ya miaka mingi wengi ni wa upande wa pili, ngozi imevutika imekuwa nyembamba, kipandikizi kimeshuka chini ya mkunjo, mgongo unalalamika. Kwa hiyo ukiwa kati ya saizi mbili na shabaha yako ni asili, mi ningekwambia chukua ile ambayo ngozi yako inaibeba bila kulazimishwa.

Namna ya kujaribu ipo. Vaa sidiria laini isiyo na sponji, weka zile sampuli ndani, vaa tisheti yako ya kila siku, kaa, inama, jiangalie kwa upande, na kama kliniki inakuruhusu tembea tembea nazo. Ukiweka chini ya msuli kitu kitaonekana kidogo kuliko ulivyokiona kwenye sidiria, hilo lijue. Zile programu za kompyuta za kukuonyesha picha yako ya baadaye ni nzuri kwa kukubaliana na daktari mnaongelea kitu kimoja, lakini kompyuta haijui ngozi yako imechoka kiasi gani, usiichukulie kama ahadi. Na usiongee kwa herufi za sidiria, "nataka niwe D", kila kampuni ina D yake.

Afu matiti yako hayalingani. Ya kwako, ya kwangu, ya karibu kila mtu, moja limekaa juu kidogo au ni kubwa kidogo au chuchu inaangalia pembeni, na kipandikizi kikiingia kinaweza kulikuza hilo badala ya kulificha. Mwambie daktari akupige picha na akuonyeshe kabla, wakati mwingine ataweka saizi mbili tofauti na ndo sahihi.

Kuna wanaokuja na mwenzao, na kila daktari akiuliza swali anajibu yule mwenzake. Huyo huwa namuomba mwenzake akasubiri nje.

Mengine ya kujua kabla hujasaini. Mwili unakizungushia kipandikizi kovu, hilo ni kawaida, ila kwa wengine kovu linakaza hadi titi linakuwa gumu na kupanda juu, linauma, na hapo asili imeisha na unarudi kupasuliwa. Uvutaji wa sigara unaongeza matatizo ya kidonda, mwambieni daktari ukweli. Hisia za chuchu zinaweza kubadilika. Wengi wananyonyesha vizuri baadaye ila hamna wa kukupa uhakika, na kupasuliwa kupitia mkunjo wa chini kunaacha tezi na mifereji ya maziwa salama kuliko kupitia duara la chuchu. Kuna wanawake wanaopata uchovu, maumivu ya viungo na akili kutotulia, wakaviona vipandikizi ndo chanzo, na baadhi wamepata nafuu baada ya kuvitoa, sayansi bado inalifanyia kazi hilo na mgonjwa wa namna hiyo asikejeliwe. Na sio vya maisha. FDA wanasema hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliowekewa kwa kuongeza anaishia kuvitoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Ukiwa na miaka 25 leo, usihesabu upasuaji mmoja.

Ukiamka baada ya upasuaji utajiona una kile kile ulichokikataa, matiti yamepanda juu, yamekaza, yamejaa mviringo. Simu zinapigwa wiki ya pili zote zinafanana, "umeniharibu". Hapana mdogo wangu, uvimbe haujashuka na msuli bado umekamata, vinashuka taratibu na kulainika kati ya miezi 3 hadi 6. Usihukumu kabla ya hapo, na usiwatumie picha wale marafiki wenye maneno.

La mwisho ni kadi. Utapewa kadi yenye jina la kampuni, modeli, saizi na namba ya kipandikizi, usipopewa idai kabla hujaondoka. Ile kampuni ya Ufaransa ya PIP iliyogundulika mwaka 2010 inaweka silikoni ya viwandani isiyo ya matibabu, wanawake wengi walikuwa hawajui hata wana vipandikizi vya nani. Kama vyako ni vya silikoni, FDA wanapendekeza ukapigwe MRI au ultrasaundi, yaani vipimo vya picha za ndani ya mwili, miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata kama husikii kitu. Na ukienda mamogramu, yaani eksirei ya titi, mwambie anayepiga kabla hajaanza, kuna namna ya kukisukuma kipandikizi nyuma ili titi lenyewe lionekane.

Naona mikono imeshaanza kunyooka huko nyuma. Anayeona aibu aandike kwenye karatasi bila jina apitishe mbele, mengine tutajibu hapa hapa na mengine nitakujibu tukiwa wawili. Haya, wewe wa kitambaa cha bluu, anza.